Eka moja na ushei

Lori lilikuja Alhamisi, baada ya sala ya Alasiri. Likarudi kinyumenyume mpaka katikati ya uwanja, likamwaga mchanga, likaondoka. Dereva hata hakushuka. Wavulana waliokuwa wakicheza mpira walisimama kidogo kuangalia, kisha wakayachukua yale mawe mawili ya goli la kusini, wakayasogeza hatua kumi ndani, mchezo ukaendelea. Mimi nilikuwa dirishani kwenye cherehani, napiga pindo la dira ya mtu aliyeitaka kabla ya Magharibi. Nilipoona wanavyoyasogeza yale mawe, bila hata kugombana, roho iliniuma. Wameshazoea.

Toka nihamie mtaa huu, goli la kusini limehama mara tatu. Mara ya kwanza jirani alisukuma ukuta wake apate pa kujenga choo na banda la kuku. Mara ya pili likaja kontena la duka, ambalo mwenyewe alituapia kuwa ni la muda tu. Muda wenyewe sasa unaingia mwaka wa sita, na kontena limeshafungiwa umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla. Na sasa mchanga. Mgeni anaweza kudhani mchanga ni mchanga. Unguja siku hizi mchanga ni mali, haupatikani ovyo, na mtu hawezi kuumwaga mahali kwa kupotea njia. Mchanga ni mkeka uliotandikwa: mwenyewe hajakaa, lakini keshakwambia pana mtu. Ukishalala mchanga huja kokoto, zikija kokoto huja matofali, na tofali la kwanza likishalazwa, watu wazima huanza kusema tukae tutafute suluhu.

Mtaa wenyewe sitoutaja, maana nitakayoyasema yanawagusa watu ambao wiki ijayo nitakaa nao kwenye hitima moja. Tosheka kujua kuwa ni Mkoa wa Mjini Magharibi, upande wa shamba, kule ambako zamani palikuwa na minazi na mihogo na leo pana nyumba mpaka mlangoni mwa nyumba.

Uwanja huu si pori lililosahauliwa. Viwanja vya mtaa wetu vilipopimwa, wenyewe uliachwa makusudi. Mzee wa nyumba ya kona, ambaye ujanani aliwashikia mnyororo wapima ardhi, anakuonesha kwa fimbo mahali bikoni, zile alama za mpaka, zilipokuwa: moja chini ya lile kontena, moja ndani ya banda la kuku, ya tatu hajui, na ya nne watoto waliing'oa zamani wakaifanya jiwe la goli. Ukimuuliza paliandikwa nini kwenye ramani, anasema hapakuandikwa kitu, palipakwa rangi ya kijani.

Usiku ule nikashindwa kulala mpaka nikaamua kuupima. Ni tabia ya ufundi, kitu kikipungua mkono unatafuta futi. Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150, na kwa hiyo ningepima uwanja mpaka Idi ijayo. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikailaza ukumbini, nikaipiga fundo kila ilipotimia futi moja, mafundo ishirini, mita thelathini kamili. Asubuhi watoto walipokwenda skuli nikamwita shoga yangu wa nyumba ya tatu anishikie ncha. Tulikuwa wanawake wawili na buibui zetu tunavuta kamba juani, na kila apitaye anauliza, "Kimeuzwa?" Watu wanne wameniuliza hivyo asubuhi moja. Hapana hata mmoja aliyeuliza kama tunapima kwa sababu nyingine.

Urefu ulikuwa kamba tatu kasoro mafundo manne, yaani mita 84. Upana, kamba moja na mafundo kumi na tano, mita 52 na nusu. Mtoto wangu wa darasa la saba akanizidishia: mita za mraba 4,410. Na hiyo ni baada ya choo, kuku na kontena kuchukua chao. Eka moja ni kama mita 4,047. Kwa hiyo bado tuna eka moja na ushei.

Neno eka hapa kwetu si kipimo tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliingia mikononi mwa serikali, na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Mpaka leo ukisema "eka tatu" mtu mzima anajua unazungumzia nini, na wengine wanajua na kesi zake. Sheria ya ardhi ya 1992 nayo inasema ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, imewekwa kwa Rais kwa niaba ya wananchi. Basi nikawa nafikiri, marehemu babu yangu alipewa eka tatu peke yake na watoto wake. Sisi nyumba mia na zaidi tunaomba moja, tena hatuombi hati. Tunaomba ibaki hivyo hivyo ilivyo, ila isiendelee kukatwa pindo kila mwaka.

*

Mwenyeji wa mji huu akitaka kujua tulivyokuwa tunaishi asisome kitabu, apande daladala asikilize utingo anavyoita vituo. Mwembeladu. Mwembetanga. Mwembeshauri. Mwembemakumbi. Mwembenjugu. Miembeni. Mikunguni. Mkunazini na Mtendeni kule mjini. Michenzani, ambako leo pana yale majumba marefu waliyotujengea Wajerumani wa Mashariki, jina lake ni la michenza. Mji mzima umeitwa kwa miti, na si miti ya kuvuna peke yake. Mwembeshauri hakuna aliyeupa jina hilo kwa utamu wa maembe yake. Watu walikuwa na mahali penye kivuli, wanakaa, shauri linaamuliwa, mahali panapata jina. Bustani tulikuwa nazo kabla ya mtu yeyote kutuletea neno la bustani ya umma, ila hatukuziandika popote. Mwembe ukikatwa lilikuwa linabaki jina.

Zile zilizoandikwa ndizo zilizodumu. Forodhani, kama jina lake linavyosema, palikuwa mahali pa forodha. Bandari ikahamia Malindi, na mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 katika kiti, pakawa bustani ya kusherehekea hiyo jubilei. Utawala ukaja, utawala ukaondoka, jina likabadilika, mpaka wafadhili wa Aga Khan wakaja kupatengeneza upya na kupafungua tena mwaka 2009. Leo vijana wanapiga makachu, wanajirusha baharini pale pale, na usiku huoni jiwe kwa moshi wa mishikaki. Sultani hayupo, jubilei hakuna anayeikumbuka, bustani ipo. Ipo kwa sababu kuna mtu aliyesema hapa hapajengwi, na waliofuata wakaona taabu kulifuta neno hilo.

Mnazi Mmoja habari yake ni nzuri zaidi, na kidogo inachekesha. Zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, maji yakijaa unavuka kwa daraja. Ndiyo maana tuna Darajani, na ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa kidogo kidogo, na wakati wa Waingereza uwazi wa Mnazi Mmoja ukawa wa wazungu kuchezea gofu na kriketi. Haukuachwa kwa ajili ya watoto wa Ng'ambo, hata kidogo. Lakini njoo siku ya Idi pili jioni uone nani anaumiliki: nguo mpya, mkono wa Idi mfukoni, malai, ubuyu, bembea, watoto waliopotea wanatangazwa kwa kipaza sauti. Uwazi ukishakuwepo watu wataujia tu, hata kama aliyeuacha hakuwafikiria.

Sasa tazama hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Karibu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na hawakwenda kukaa Shangani. Wamekuja huku kwetu. Zanzibar nzima ni watu 1,889,773, kwa hiyo karibu nusu yetu tumo katika mkoa huu mmoja. Na tukitaka kupeleka watoto mahali pa kukimbia bila kugongwa tunarudi kule kule mjini, Forodhani, Mnazi Mmoja, au kiwanja cha watoto cha Kariakoo. Nauli ya watu watano kwenda na kurudi, halafu mtoto ukamfikisha Forodhani umnyime urojo? Haiwezekani. Kwa hiyo tunakwenda sikukuu hadi sikukuu. Pemba nao wana kiwanja chao cha kufurahishia watoto pale Tibirinzi, na binamu yangu wa Wete ananitania kuwa kwao hata ng'ombe wana uwanja wao wa kuchezea. Anasema kweli, mchezo wa ng'ombe wa Pemba hauchezwi uchochoroni.

Mipango ya mji haikukosekana. Mwingereza Lanchester aliandika wake mwaka 1923. Mjerumani Scholz akaja na wake mwaka 1968, tukapata Michenzani. Wachina walifanya wa kwao mwaka 1982. Karibuni tu wataalamu wa mipango miji walikaa na wakaazi wakaandika ule walioupa jina tamu, Ng'ambo Tuitakayo. Ramani nyingi za kijani zimeshachorwa. Ninachotaka mimi ni bikoni nne.

*

Barua ya kwanza tuliiandika siku ya Jumapili ukumbini kwangu, baina ya mikono ya nguo za watu. Saini 83, na alama za kidole gumba sita. Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, alituitikia vizuri, akatukaribisha, akaisoma yote huku anatikisa kichwa, kisha akasema, "Barua nzuri. Lakini hamkuandika 'Kupitia kwa Sheha'." Tukaandika upya.

Ya pili ilifika manispaa. Kijana wa dirisha la kupokelea akaisoma kichwa cha habari kwa sauti: "YAH: OMBI LA KUTENGEWA UWANJA WA WAZI." Akanitazama. "Mama, huu si tayari umetengwa?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi ukisema mtengewe unasema haujatengwa. Mtu akitaka kuutia mkono atakuonesha barua yako hii."

Nikamshukuru kwa moyo wote, na mpaka leo namuombea dua kijana yule, kwa sababu alinifunza neno moja lenye faida kuliko yote niliyoyasikia katika ofisi zile. Tukabadilisha ikawa "KUENDELEZWA". Saini 83 zikatafutwa mara ya tatu. Safari hii zilikuwa 97, kwa sababu habari za mchanga zilikuwa zimeshaenea, na wawili kati ya walioongezeka ni wateja wa lile kontena.

Diwani alikuja mwenyewe, hili nampa haki yake. Alikuja kwa vespa, jioni, akauzunguka uwanja kwa miguu, akaupiga teke mchanga kama mtu anayetazama tairi. Akasema ataupeleka kwenye kikao. Tulipomuuliza lini, akasema kikao kijacho. Kikao kijacho kikapita, ikawa hakuna muda, ajenda zilikuwa nyingi: jaa, mitaro, soko. Sikukasirika, maana mitaro naijua. Masika iliyopita maji yaliingia nyumba saba za bondeni kwetu, na uwanja huo huo ndio ulioyameza yaliyobaki. Lakini kila kikao wanachotuahirisha sisi, kuna mtu haahirishi. Mchanga haungoji ajenda.

Nikaenda mwenyewe. Ofisi moja ikanambia ramani ni ya watu wa mipango miji, bikoni ni za wapimaji, na wao wanahusika na usafi na miti. Nikawaambia basi nipeni hiyo miti. Bwana mmoja mwenye heshima zake, kanzu safi, maana ilikuwa Ijumaa, akanifungulia faili na kunionesha picha. Kusema kweli ilikuwa nzuri. Chemchemi inayorusha maji yenye taa za rangi, njia zilizotandikwa vitofali vyekundu, geti, kibanda cha mlinzi, choo, mabembea. Haikuwa ya kwetu, ilikuwa mfano tu wa bustani inavyotakiwa iwe.

"Mipango ipo, bibi," akasema. "Tunangoja mfadhili."

"Mfadhili wa nini?"

"Wa mradi."

"Na kivuli kina mfadhili?"

Akacheka, na mimi nikacheka, lakini sikuwa natania. Mche wa mkungu ukipandwa leo na kumwagiwa maji, baada ya miaka michache mtu anakaa chini yake. Mkungu hauna haraka ya kwenda juu tu, unatandaza matawi kwa ghorofa, moja juu ya nyingine, na watoto wanapata kungu za kugonga kwa mawe. Fedha ikija mwaka wa kumi itanunua chemchemi siku hiyo hiyo. Haitonunua mkungu wa miaka kumi. Na ikiwa mwaka wa kumi uwanja umeshakuwa nyumba tatu na karakana ya kuchomea vyuma, hata huyo mfadhili ataiweka wapi chemchemi yake? Kwenye ukumbi wangu?

Hapo ndipo ninapotofautiana na wakubwa wetu, na naomba wanisamehe nikisema bila kuzunguka. Wao bustani wanaiona kama mradi, kitu chenye siku ya kuwekwa jiwe la msingi na siku ya kukatwa utepe. Sisi tunaiona kama mpaka. Tuwekeeni mpaka, mtuandikie kibao kimoja cha bati kinachosema hapa ni mali ya umma hapajengwi, chenye muhuri, mengine tutaanza wenyewe. Sisemi chemchemi ni mbaya. Ikija nitakuwa wa kwanza kupiga picha.

*

Nisije nikaonekana kama mtaa mzima tuna kauli moja. Hatuna. Shemegi yangu, anayesomesha, ndiye aliyenibana zaidi ya wote. Alikuja kuchukua kanzu yake, akakaa, akaniuliza, "Nyinyi mnaomba bustani, na watoto wanaingia skuli kwa zamu, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia. Eka nzima ya uwanja si afadhali madarasa?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikanyamaza nikimfungia vifungo. Skuli za ghorofa zinajengwa siku hizi, nikamwambia, mbona zinaweza kwenda juu? Kivuli hakiendi ghorofani, na mpira hauchezwi ngazini. Akasema hilo ni jibu la fundi cherehani. Labda. Lakini nilimuuliza na mimi: katika yale yote yaliyokwisha jengwa kwenye viwanja vya wazi vya mtaa huu na wa jirani, ni mangapi yaliyokuwa madarasa? Akachukua kanzu yake. Swali lake bado linanisumbua, siwezi kusema nimelishinda.

La bangi sikulipa uzito huo. Kuna wanaosema mkipanda miti vijana watakaa humo wavute. Vijana wanaovuta wanapenda magofu na nyumba zisizokwisha, mahali ambapo hapana jicho. Waweke bibi zetu wanne na ukili wao wa kusuka chini ya mti, nione nani atawasha kitu.

Nilichokiogopa zaidi ni bendera. Anayeijua Zanzibar anaelewa. Mahali pakishapendeza, pakawa na kivuli na bao, siku moja asubuhi unaamka unakuta mlingoti na kitambaa, maskani ya chama imezaliwa, na nusu ya mtaa haipiti tena pale. Mwezi mmoja baadaye upande wa pili nao wanatafuta mti wao. Kwenye ile barua ya tatu tukaandika kifungu kizima, kwamba uwanja usiwe na rangi ya chama chochote. Wazee wa pande mbili walitia saini kifungu kile wakikaa kwenye kiti kimoja, mmoja baada ya mwingine, kwa kalamu moja. Sikupiga picha, na najuta.

Halafu kuna jambo ambalo wanaume wa mtaa hawakulitaja hata mara moja katika vikao vyote, si kwa ubaya, halikuwapitia tu. Wao wana baraza. Kila kona pana ukingo wa saruji, kahawa, kashata, bao, redio. Sisi tulikuwa na ua. Nyumba za mama zetu zilikuwa na ua mkubwa, mnapika, mnasukana nywele, mnacheka kwa sauti. Nyumba tunazojenga sasa kiwanja chote kinakwenda vyumbani, ua umebaki mahali pa kuweka mtungi wa gesi. Basi mwanamke akae wapi nje ya nyumba yake? Tunafanya mazoezi alfajiri, tuko kundi la kumi na saba, tunatembea kwa haraka pembezoni mwa barabara kuu na bodaboda zinatupiga honi. Tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi, tunavaa fulana za kufanana tunakwenda mjini na sisi tunahesabiwa. Tarehe 2 tunarudi kwenye vumbi. Nikiufikiria uwanja ule kwa ajili yangu mwenyewe, wala sioni bembea. Naona njia ya mchanga uliopigwa vizuri kuuzunguka, na baraza moja, moja tu, ambayo mwanamke anaweza kuikalia saa kumi na moja jioni bila mtu kumuuliza anamsubiri nani.

*

Jumamosi mbili zilizopita tulipanda. Hatukupewa ruhusa, na hatukukatazwa. Miche kumi na moja ya mikungu, kutoka kwa jirani aliyeiotesha kwenye makopo ya maziwa. Tulichimba kwa majembe ya kuazima mpaka tukafika kwenye mawe, na alipoliona lile jiwe la matumbawe mzee wa kona alishika kichwa akasema hapa hautoota. Tukasogea. Watoto walichora mstari wa ile njia kwa majivu. Mbuzi wa mtu mmoja, anajijua, wamekula mitatu usiku ule ule, iliyobaki tumeizungushia makuti. Mitatu hiyo tutapanda tena. Vijana wa mpira waliniuliza kwa adabu kama goli jipya linaweza kuwa baina ya miche miwili ile ya kusini, kwa sababu, walisema, hii haitosogezwa. Nikawaambia wapige chini chini.

Mchanga bado upo. Mwenyewe hajatokea. Mvua ya juzi imeutandaza na watoto wadogo wamechimba ndani yake nyumba, visima, na kitu kimoja kirefu wanachosema ni Forodhani.

Juzi mchana simu ikaita, namba nisiyoijua. Alikuwa yule kijana wa dirisha la kupokelea. Alinisalimu vizuri, akaniuliza watoto, kisha akashusha sauti. Suala letu limeingia kwenye ajenda ya kikao cha mwezi huu, namba nne. Ila kuna tatizo dogo. Faili lina barua zetu zote tatu, lakini ile karatasi ya vipimo haionekani, na wajumbe watauliza ukubwa. "Mama, mlipima na nani? Mna nakala yoyote ya vipimo?"

Nikamwambia ninayo. Nimeitundika nyuma ya mlango wa jikoni, ina mafundo ishirini. Akadhani nimekata simu, maana nilinyamaza nikiitazama. Kisha akacheka, akaniambia njoo nayo Jumatatu, saa tatu, uje na futi yako pia.

Jumatatu nina nguo mbili za harusi za kumaliza. Zitangoja.